Weka Silaha Chini

Mwalimu wetu wa historia, mstaafu wa hapa Ngamiani, ana kiu moja tu iliyombakia: kila mtoto wa Tanga ajue kwamba Novemba 1914 Waingereza walileta hapa jeshi la watu kama elfu nane, wengi wao askari kutoka India, wakashuka Ras Kazone, wakapigwa na kikosi kidogo cha Wajerumani na askari wao wa Kiafrika, wakaumwa na nyuki juu yake, kisha wakarudi melini. Waja leo waondoka leo. Wale hata kanga hawakununua.

Mwaka huu akataka tuigize. Kikaoni akauliza nani atashughulikia silaha, mkono wangu ukapanda wenyewe.

Nikanunua bunduki kumi na nne za plastiki, zile za watoto za Idi, kijani na chungwa, ukibonyeza zinalia tratata na kuwaka taa nyekundu. Mwalimu akainua moja, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mwanangu, Wajerumani walipigana na bunduki za kachumbari?"

Basi zipakwe rangi. Nyumbani kulikuwa na nusu kopo la rangi nyeusi ya mafuta iliyobaki tulipopaka geti. Geti lile lina miaka sita, linapigwa na upepo wa bahari usiku na mchana na halijabanduka hata kidole. Nikajiuliza, rangi iliyoshinda chumvi ya bahari itashindwa na mdoli? Rangi ilikuwa nzito, nikaichanganya na mafuta ya taa. Kuziosha kwanza? Kitu kipya nikioshe kwa uchafu gani? Nikapaka mkono mmoja wa rangi, mnene kama lami, maana sikuwa na subira ya mikono mitatu. Ncha tu nikaziacha na chungwa lake. Kuanika bunduki kumi na nne nyeusi tupu uani ni kumwita mjumbe aje na polisi.

Nikazitundika kwenye kamba ya nguo. Mama akatoka jikoni, akasimama.

"We mwana, hapa ni kwangu au ni kambi?"

Siku ya kwanza zikawa zinanata. Siku ya pili zinanata. Siku ya tatu mvua za vuli zikaanza, hewa ikawa kama ndani ya sufuria la wali. Nzi wakatua, hawakuruka tena. Jogoo wa mama akapita chini ya kamba akatoka na bawa jeusi, na bunduki ikabaki na manyoya matatu. Mwalimu alikuwa akipiga simu kila jioni, nami namjibu, "Zinakaribia, mwalimu." Neno hilo limejenga nusu ya nchi hii.

Usiku wa kuamkia onyesho ndipo nilipopata akili. Mama akisukuma chapati, donge likishika kibao, hufanyaje? Hunyunyiza unga. Nikachukua kilo moja ya unga wa ngano, nikazipaka bunduki zote. Zikaacha kunata! Tena zikawa na rangi ya kijivujivu, kama zimetoka mahandakini. Asubuhi mwalimu aliziona nusura atoe chozi. "Sasa hizi ndizo," akasema.

Onyesho lilianza baada ya Alasiri, jua kali, bibi zetu wamejaa kwenye mikeka. Waingereza wakashuka kutoka kwenye meza mbili zilizopinduliwa, ndiyo meli. Watoto wanane waliofungwa vitambaa vya njano na vyeusi wakatoka vichakani wakivuma, ndio nyuki. Watu wanapiga vigelegele. Mimi pembeni nimefunga mikono kifuani kama kamanda.

Nilichosahau ni jasho. Unga na jasho ni gundi.

Historia inasema Waingereza walipokimbia waliacha ufukweni bunduki kwa mamia na risasi laki sita. Ndicho kilele cha mchezo. Mwalimu akashika kipaza sauti: "Wakatupa silaha zao, wakakimbilia melini!"

Hakuna aliyetupa.

"Wakatupa silaha zao!"

Askari mmoja akawa anakung'uta mkono kama aliyenawa akakosa taulo. Mwingine kaibana bunduki kwa magoti anaivuta. Ofisa wa Kijerumani akaja kusaidia, bunduki ikamgusa usoni, sharubu za pamba zikahamia kwenye mtutu. Nyuki mmoja akamhurumia kaka yake, akashika mtutu kwa mikono miwili, naye akanasa. Akaburutwa hadi melini akilia kilio cha kweli.

"Weka silaha chini!" Mwalimu sasa anapiga kelele nje ya maandishi.

Ndipo bibi mmoja mkekani akasema kwa sauti, "Waingereza hao, mwalimu. Lini uliwaona wakaacha kitu?"

Uwanja mzima ukalala kwa kicheko. Mchezo ukaishia hapo.

Tuliwaosha mikono kwa mafuta ya kupikia na sabuni ya unga hadi Magharibi. Kesho yake nikaipeleka bunduki moja kwa fundi rangi wa gereji. Akaikwangua kwa ukucha, rangi ikabambuka kama ngozi ya nyoka.

"Umemvisha kanzu mtu hajaoga," akasema. Plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, yale ya kuifanya isigande kwenye umbo lake, kwa hiyo inaoshwa kwa sabuni, inapigwa msasa laini, namba 400 au 600, mpaka ing'oke mng'ao, halafu inafutwa kwa spiriti. Kisha praima ya plastiki, yaani rangi ya chini ya kushikisha. Kisha rangi ya kupuliza, mikono myembamba, kila mmoja ukipumzishwa, na isishikwe siku kadhaa. Nikamwambia niliogopa gharama ya thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, ndiyo maana nikatumia mafuta ya taa.

"Hapo Mungu kakupenda. Thina ya gari ingezikunja kama mishumaa." Akaipindua. "Na huu unga?"

Nikamwambia hiyo habari ndefu.

Mwalimu anasema mwakani tunarudia. Majukumu ameshagawa. Mimi ni nyuki.