Mgeni ana bima, mchuma karafuu hana

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni wa kutoka nje anayeingia Zanzibar hulipia bima ya dola 44 kupitia Shirika la Bima la Zanzibar (ZIC). Akiugua au akipata ajali, ana pa kushika. Utaratibu huo ni mzuri. Kinachoniuma ni kwamba wenyeji wanaomhudumia wengi wao wanatoka majumbani kila asubuhi bila kinga yoyote, na nyuma yao kuna watoto.

Kwa sisi wa Pemba, msimu wa karafuu unalionesha hili waziwazi. Matawi ya mkarafuu hukatika upesi. Mchumaji yuko juu, kikapu kinaning'inia, mkono mmoja umeshika tawi, mwingine unavuta kwa kingoe kishada kilicho mbali, maana kukiacha ni kuacha pesa. Hapo ndipo watu huanguka. ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, imekuwa ikitoa fidia kwa walioanguka, nayo naishukuru kwa hilo. Lakini mtu akishavunjika uti wa mgongo, nyumba yake inahitaji kula kwa miaka, na fidia ya mara moja haifiki huko.

Tukitajiwa bima, wengi tunajibu kuwa tunao jamaa. Ni kweli tunao. Mtu akifariki sanda haikosekani, hitima inasomwa, majirani wanapika, daftari la rambirambi linajaa majina. Mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi. Anapotoka, waliochangia wameshageukia shida zao, na wana haki. Ada ya skuli inamngoja yeye, na deni la dukani ni lake. Mimi naisemea bima kwa ajili ya mwezi huo anaotoka eda.

Pingamizi la dini ni la haki pia. Wanaokataa bima ya kawaida wanaona ndani yake gharar, yaani mapatano yenye mashaka juu ya nani atapata nini, na riba katika namna fedha zinavyowekezwa. Takaful, yaani bima ya Kiislamu, imepangwa vingine: washiriki wanatoa mchango kwa nia ya kusaidiana, msimamizi analipwa kwa kazi yake, fedha zinawekwa kwenye biashara za halali, na ziada huwa ni ya washiriki. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) imeshaiwekea miongozo, na ZIC imeingia huko. Muulize wakala swali moja la wazi: hii yako inalipa kifo na ulemavu, au ni ya gari tu? Na usimpe mtu fedha mkononi kabla hujahakikisha kuwa amesajiliwa na TIRA.

Kwa maoni yangu, mwenye kipato kidogo aanze na kinga ya kifo na ulemavu peke yake, isiyo na akiba. Zile za kuweka akiba kwa miaka kumi zinavutia kwenye karatasi, lakini ukishindwa kuendelea mwaka wa pili unaweza kurudishiwa kidogo sana, au usipate kitu. Maradhi uliyonayo yaandike yote kwenye fomu, hata ile presha unayoiona ndogo. Kuficha ndiko kunakoipa kampuni sababu ya kukataa madai.

Halafu kuna mikopo. Mtumishi anayekopa benki mara nyingi hukatwa fedha za bima ya mkopo bila kuijali. Akifariki, bima ile hulifuta deni, haimpi mjane fedha. Wapo wajane wasiojua hata hilo, wakahangaika kulipa deni ambalo bima ingelimaliza. Kama umekopa, mwambie mkeo leo, na umuoneshe karatasi ilipo.

Vikundi vyetu vya upatu, vya akina mama wa mwani na vya vijana wa bodaboda, vina nguvu ambayo havijaitumia. Watu thelathini wakienda pamoja wanaweza kuomba bima ya kikundi, kila mmoja akatoa chake siku ileile ya upatu. Mweka hazina wa kikundi chako anaweza kuanza kwa kuuliza bei wiki hii, kabla watu hawajapanda mikarafuu.