Bolti zinazokazwa kwa bomba

Jamani mafundi wenzangu, nani alitufundisha kukaza bolti kwa kuvisha bomba kwenye mpini wa spana ili kuongeza nguvu? Jumamosi nzima imeniishia kwenye manifoldi ya egzosi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini. Nati 5 zimetoka vizuri. Ya 6, ile iliyojificha nyuma karibu na bodi, mahali mkono unapita kwa kuchubuka, imegoma kabisa. Nimeilowesha mafuta ya kulegeza kutu tangu Ijumaa usiku, nimeigonga kwa nyundo ndogo, nimeipasha moto kwa gesi. Soketi ya pembe 12 ikateleza, kona za nati zikalika. Nikaweka ya pembe 6, nikavuta taratibu, nikasikia "tak!" Nikadhani imeachia. Kumbe stadi, ile bolti isiyo na kichwa inayoshika nati, imekatikia ndani ya silinda hedi, sehemu ya juu ya injini.

Hapo ndipo roho inapouma. Hedi ni ya aluminiamu, stadi ni ya chuma. Ukitoboa ili kuitoa, drili ikihama kidogo tu inakimbilia kwenye aluminiamu laini, inakiacha chuma palepale, na tundu limeharibika. Na huku kwetu Tanga, chumvi ya bahari haikiachi chuma salama.

Aliyefunga kabla yangu angepaka grisi ya shaba kidogo kwenye nyuzi, akakaza kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza, badala ya bomba, nati ingefunguka kwa dakika 2. Kopo moja la grisi hiyo linahudumia magari mengi! Sasa mwenye gari ananiuliza kwa nini bei imepanda na gari halijawaka. Nimjibu nini, na aliyeikaza nati hiyo simjui?