Orodha ya Sikukuu Huamuliwa na Nani?

Waislamu wameachiwa Idi mbili, na wapo wanazuoni wanaoishia hapo: nyingine yoyote ni uzushi, iwe Maulidi, iwe siku ya bendera. Saudi Arabia iliushikilia msimamo huo kwa muda mrefu. Siku ya Taifa, 23 Septemba, inakumbuka kutangazwa kwa ufalme mwaka 1932, lakini haikuwa mapumziko rasmi hadi 2005. Mwaka 2022 ikaongezwa Siku ya Kuasisiwa, 22 Februari, inayohesabu mwanzo wa dola tangu 1727, Muhammad bin Saud, mwasisi wa dola ya kwanza ya Saudia, aliposhika utawala wa mji wa Diriyah. Kabla ya hapo ilizoeleka kuihesabu dola kuanzia 1744, mwaka wa mapatano yake na Sheikh Muhammad bin Abdulwahhab, mwanzilishi wa mwito unaoitwa Uwahabi. Kwa hiyo sheikh amesogezwa pembeni bila hata kutajwa. Maulidi, ambayo ni mapumziko Misri, Moroko na Pakistani, Saudi Arabia bado ni siku ya kazi.

Hoja ya wanaopinga si ya kupuuza. Siku ya serikali huja na gwaride na picha za wakubwa, na baada ya kizazi kimoja watu huanza kuitukuza kama Idi. Upande wa pili hujibu kwamba kupumzika si ibada. Hakuna anayetafuta thawabu kwa kulala nyumbani 23 Septemba. Kwa siku za taifa, jibu hilo linanitosha. Kwa siku za dini halitoshi, maana hapo dola inachagua imani ya nani itambuliwe.

Iraki imelionyesha hilo. Sheria ya sikukuu ya 2024 iliiingiza Idi ya Ghadir, ambayo Washia, walio wengi nchini humo, hukumbuka Mtume kumtangaza Ali kuwa mrithi wake, na ikaiacha 14 Julai, siku ya mapinduzi ya 1958 yaliyouangusha ufalme. Kwa hoja ya wengi wape, bunge halikukosea. Lakini Wasunni walilalamika, na sioni wangefanya nini kingine.

Indonesia imekwenda njia nyingine: Waislamu ndio wengi mno, ila Krismasi, Waisak ya Wabudha na Nyepi ya Wahindu zote ni mapumziko ya nchi nzima. Hilo lina gharama yake. Siku ya Nyepi, yaani siku ya ukimya, kisiwa cha Bali, chenye Wahindu wengi, hunyamaza, uwanja wa ndege hufungwa, taa huzimwa. Machi 2024 Nyepi iliangukia usiku wa kwanza wa tarawehe kwa waliofuata tangazo la serikali. Waislamu wa kisiwani wakaombwa waende kwa miguu msikiti wa karibu na wasitumie vipaza sauti vya nje. Kuna atakayesema huko ni kuinamisha dini ya wengi; mimi naona ni ujirani. Kasoro ninayoiona iko kwingine: orodha hiyo inafuata dini sita zinazotambuliwa na serikali, na wafuasi wa imani za jadi za visiwani hawana hata siku moja.