Nimekulia Baharini

Yote haya yaliletwa na ile -ni ya mwisho wa neno. Kwetu Tanga mtu akisema yuko baharini, hujui kama anavua, anauza mihogo ya kukaanga pale ufukweni, au amekaa tu Raskazone anapunga upepo. Wote wako baharini. Kiingereza hakina huruma hiyo. Lazima uamue kama uko ndani ya maji au pembeni yake, na mimi siku ile, mbele ya watu kumi na wanane nisiowajua, niliamua vibaya.

Ilikuwa mwishoni mwa Agosti, wiki ya kupokea wanafunzi wapya katika chuo kimoja kidogo cha binafsi huko Pennsylvania. Jina naliacha, maana maktaba yao bado inanidai. Chuo chenyewe hakikufikisha wanafunzi elfu mbili. Kilikuwa juu ya kilima, majengo ya mawe, kindi wengi kuliko walinzi, na watu wanaojilaza kwenye nyasi kila jua likitoka kana kwamba wamezirai. Ni vile vyuo vinavyoitwa vya sanaa huria: unasoma fizikia, falsafa, muziki na historia kwa mpigo, na mpaka mwishoni mwa mwaka wa pili ndipo unaulizwa umechagua nini.

Jaribu kumweleza hilo mzee wangu, aliyestaafu reli.

"Sanaa?" aliniuliza. "Unakwenda Marekani kuchonga vinyago?"

Nikamwambia ni elimu ya kale, kwamba Wazungu wa zamani walihesabu sanaa saba: sarufi, balagha, mantiki, hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota. Akazirudia kwa vidole, polepole, kisha akasema, "Udaktari haumo." Kuogelea nako hakumo, lakini siku ile hilo halikumpitia yeyote kichwani.

Basi tukakalishwa kwenye duara, kila mmoja aseme jina lake na jambo moja la ajabu kumhusu. Dada mmoja alikuwa anafuga nyuki. Mwingine alipiga kinubi. Zamu yangu ilipofika nikatafsiri neno kwa neno: nimekulia baharini. Pakawa kimya, kile kimya cha heshima.

"Ndani kabisa?" akauliza kijana wa Nebraska, ambaye bahari alikuwa ameiona kwenye runinga tu.

Hapo ndipo ningesahihisha. Lakini ndiyo kwanza nimefika, sina rafiki, na macho yote yananitazama kama mtu mwenye mapezi. Nikaitikia kwa kichwa. Ndani kabisa.

Ukweli ni kwamba bahari naijua kama watu wengi wa Moshi wanavyoujua Kilimanjaro: unauona kila siku, kuupanda ni shughuli ya wageni. Mama alikuwa na sheria moja tu kuhusu maji. "Ukifa maji huko, usirudi nyumbani kwangu." Kwa hiyo nilikwenda maji yakiwa yamekupwa, naingia mpaka magotini, nasumbua kaa, narudi nimekauka.

Siku mbili baadaye nikasikia kuna mtihani wa kuogelea. Usipofaulu unapangiwa darasa, na usipomaliza darasa shahada hupati. Nilidhani ni utani wa wenyeji. Kaka mmoja wa mwaka wa tatu akanieleza, wala hacheki, kwamba ni wasia wa bibi tajiri ambaye mwanawe alizama na Titanic. Akakiachia chuo pesa kwa sharti kila mwanafunzi ajue kuogelea. Nikakimbilia maktaba kuusaka huo wasia, huenda una upenyo wa watu wa Tanga. Kumbe hadithi hiyo ni ya Harvard, na huko nako si kweli. Eleanor Elkins Widener alimpoteza mwanawe Harry kwenye Titanic mwaka 1912, akajenga maktaba kwa kumbukumbu yake, ikafunguliwa 1915. Habari za kuogelea watu wamembambikia tu. Mitihani hii ilishika kasi enzi za vita kuu, vijana walipotakiwa wawe tayari kwa jeshi, na vyuo vingi vimeshaifuta. Changu hakikuwa miongoni mwao. Nikatoka maktaba nimeelimika sana, na bwawa liko palepale.

Siku ya siku, kocha akasimama na orodha yake. "Yuko wapi yule aliyekulia baharini?" Habari zilishamfikia. Chuo kidogo bwana, ukipiga chafya bwenini, bwalo zima linakuuliza mafua vipi. "Atangulie," akasema, "wengine mumtazame."

Nilikuwa nimevaa kaptura yangu ya mtumba niliyoinunua Mgandini, ile yenye mifuko sita. Nikapelekwa upande wenye kina, mita tatu na ushei. Nikasema bismillahi, nikaruka.

Kaptura ikajaa hewa kama pulizo. Nilishuka kidogo, kisha makalio yakapanda yenyewe, kichwa kikabaki chini kinaangalia vigae. Nilivikagua vizuri sana vile vigae, vya bluu. Kule juu, niliambiwa baadaye, watu walikuwa wanapiga makofi. Walidhani ndiyo mtindo wa kwetu. Kijana wa Nebraska alikuwa anakariri mkao.

Aliyeshtuka ni mwokoaji, binti mfupi wa mwaka wa pili, yuleyule aliyenipokea kituo cha basi siku niliyofika. Alinitoa majini kama alivyolitoa begi langu kwenye buti ya gari: kwa mkono mmoja.

Nilipopata pumzi sikushukuru. Nilijitetea. Nikawaeleza kwamba maji ya bahari yana chumvi, ni mazito kuliko haya, ndiyo maana yanambeba mtu, na kwamba bwawa lao lina klorini tu, itambeba nani? Fizikia hiyo ni sahihi, kaulizeni. Kocha alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika kitu kwenye orodha, akasema kwa upole, "Kwa jinsi ulivyozama, wewe ungehitaji Bahari ya Chumvi."

Nikapangiwa darasa la wanaoanza, Jumanne na Alhamisi saa mbili asubuhi. Novemba ilipofika nilikuwa natoka bwawani na kichwa kibichi, nakatiza kwenye baridi kwenda somo la mantiki, na nikifika nywele zimeganda, ukizigusa zinalia. Kijana wa Nebraska naye alikuwemo darasani. Yeye alifeli kwa kuniiga mimi. Hakuwahi kunilaumu, jambo ambalo liliniuma zaidi, na ndiye aliyenifundisha kuvuta pumzi kwa upande bila kumeza bwawa.

Bwaloni, mama mmoja mgawa chakula aliniita Samaki mpaka nilipohitimu. Kila ilipopikwa samaki alishusha sauti, ananiwekea kipande na kusema, "Pole kwa msiba."

Desemba, siku nilipoelea dakika kumi bila kushika ukingo, nilipiga simu nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Masomo?"

"Nimefaulu. Kuogelea."

Simu ikanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Yaani umepanda ndege, umevuka bahari yote hiyo, ukafundishwe kuogelea kwenye birika?"

"Mama, si wewe ulinikataza?"

"Nilikukataza kufa maji. Kuogelea nani alikukataza?"

Nikasikia sauti ya mzee kwa nyuma: "Hebu muulize, hiyo ina cheti?"