Kijiko kimoja ni kiasi gani?

"Kijiko kimoja kutwa mara tatu." Maneno haya yameandikwa kwenye chupa na vibahasha vya dawa kwa miaka mingi, hata imekuwa nadra mtu kuuliza ni kijiko kipi kinachokusudiwa. Mwaka 2015 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa msimamo kwamba dawa za maji za watoto ziandikwe na kupimwa kwa mililita pekee, na neno kijiko liachwe kabisa. Wapo wanaoupinga wakisema kwamba msimamo huo unazifaa nchi ambako kila chupa huja na kipimo chake, lakini si nyumba ambayo kijiko ndicho kipimo pekee kilichopo. Pande zote mbili zina hoja nzito. Hata hivyo naona zinagombania chombo, ilhali sehemu kubwa ya kosa imo katika neno lenyewe.

Kwa wataalamu, kijiko cha chai ni mililita 5 na kijiko cha chakula ni mililita 15. Kijiko cha kabatini hakikutengenezwa kwa hesabu hiyo, kwani kazi yake ni kukoroga chai. Watafiti wa Ugiriki waliopima vijiko vya chai vya majumbani walikuta ujazo wa kuanzia mililita 2.5 hadi 7.3, nao walichapisha matokeo hayo mwaka 2010. Mchukue mtoto mwenye homa na uzito wa kilo 10. Dawa ya maji ya paracetamol inayotumika sana kwetu ina miligramu 120 katika kila mililita 5, na mtoto huyo anahitaji kati ya miligramu 100 na 150 kwa mara moja. Kijiko kidogo kuliko vyote katika utafiti ule kingempa miligramu 60, homa ibaki palepale na mama adhani dawa ni mbovu. Kikubwa kuliko vyote kingempa 175. Hatari inayonitisha zaidi ni pale anayeambiwa "kijiko" anaposhika kile cha chakula, kwa sababu kikiwa na mililita 15 mtoto anapewa miligramu 360, na dozi ya namna hiyo ikirudiwa kwa siku kadhaa inaweza kuharibu ini.

Kwa vitu vya unga mambo ni magumu zaidi. Maji hujisawazisha yenyewe ndani ya kijiko, lakini chumvi na sukari hupanda zikawa kichuguu, na kijiko chenye kichuguu kinaweza kubeba takribani mara mbili ya kile kilichofutwa juu kwa ubapa wa kisu. Chumvi laini hushikamana na kujaza kila pembe, ilhali chumvi ya mawe huacha nafasi kati ya punje na punje, kwa hiyo kijiko kilekile cha chumvi ileile kinatoa uzito tofauti. Ndiyo maana maabara hutegemea mizani. Kijiko hupima ujazo, wala si uzito. Mwanafunzi anayetaka tu kuona rangi ikibadilika anaweza kuchota unga kwa ncha ya kijiko bila kuharibu jaribio, lakini anayetengeneza myeyusho wa ukali unaojulikana hawezi kufanya hivyo.

Pamoja na hayo yote, siwezi kukubali kwamba kijiko hakifai kabisa, na sababu yangu ni kuharisha. Pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, isipopatikana, mama hufundishwa kuchanganya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimefutwa juu. Nusu kijiko hicho kina takribani gramu 3 za chumvi. Pakiti ya Shirika la Afya Duniani, kwa kanuni ya mwaka 2002, ina gramu 2.6. Mchanganyiko wa jikoni unakosa potasiamu iliyomo katika pakiti, lakini kwa chumvi umekaribia sana. Nusu ikigeuka kijiko kizima chenye kichuguu, chumvi huzidi mara nne hivi, na mtoto aliyekwisha kukaukiwa anaweza kupata degedege.

Kuanzia mwaka 1980, shirika la BRAC la Bangladesh lilifundisha kaya zaidi ya milioni 12 kutengeneza maji hayo kwa kipimo kisicho rasmi kuliko hata kijiko: chumvi kwa ncha za vidole vitatu na sukari guru kwa konzi ya mkono. Mwalimu alikwenda nyumba kwa nyumba, mama akachanganya mbele yake, kisha wakaguzi wakarudi baadaye kwa baadhi ya akina mama kuona wanakumbuka nini, na malipo ya mwalimu yakategemea majibu hayo. Vidole vilikuwa vilevile vya kila siku, lakini mchanganyiko ulikaguliwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo watetezi wa kijiko wanaposahau nusu ya hoja yao wenyewe.

Bomba la sindano lisilo na sindano ni bora kwa dawa za watoto, nami ningelichagua kila mara, ingawa nalo lina makosa yake: 0.5 husomwa 5, na kifuniko chake kidogo kikiachwa ovyo kinaweza kumkaba mtoto. Kijiko cha plastiki chenye alama ya mililita 5 kinachotoka ndani ya boksi la dawa nacho ni kipimo halali, mradi kisitupwe pamoja na boksi. Kwa malaria na nimonia, dawa mseto na amoxicillin za vidonge vinavyoyeyuka katika maji zimeondoa sehemu kubwa ya tatizo, kwa kuwa mzazi anahesabu vidonge badala ya kukadiria ujazo.

Kwa dawa zinazobaki katika chupa, kuandika "mililita 5" na kumwacha mama aondoke mikono mitupu ni kumrudisha kwenye kijiko kilekile cha chai. Muuzaji wa duka la dawa amkabidhi bomba au kijiko chenye alama, avute maji hadi kwenye mstari mbele yake, kisha ampe naye avute.