Lugha Yako ya Pili Iwe SQL

Wiki iliyopita kijana ninayefanya naye kazi aliniuliza ajifunze lugha gani ya programu, Go au Rust, kwa sababu ukurasa wa oda alioutengeneza kwa JavaScript ulikuwa ukichukua sekunde tisa kufunguka, naye alikwisha kuamini kwamba kosa ni la lugha. Tulikaa tukasoma kumbukumbu za hifadhidata. Ili kuonyesha oda 200, programu yake ilituma swali moja la kuzileta zote, kisha maswali mengine 200, moja kwa kila oda, kuuliza jina la mteja. Tuliyaunganisha majedwali mawili kwa JOIN, tukatanguliza EXPLAIN, amri inayoonyesha jinsi hifadhidata inavyolitekeleza swali, tukaona hifadhidata inapekua jedwali zima mstari kwa mstari. Tulipoongeza faharasa kwenye safu ya tarehe, ukurasa ulifunguka chini ya nusu sekunde. Go ingetuma maswali yale yale 201, na ingeyasubiri vile vile.

Inaniuma kuona watu wakibishana usiku kucha kuhusu lugha ya kuongeza, huku SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata maswali kama yale, ambayo tovuti zao zinaitegemea kila sekunde, wakiinakili tu bila kuielewa. Maktaba za programu zinazotuandikia maswali ni msaada, nami ninazitumia, lakini ndizo zilizomficha kijana yule maswali yake 200. Lugha hii ilizaliwa IBM katika miaka ya 1970 na kuwekewa kiwango cha ANSI, taasisi ya viwango ya Marekani, mwaka 1986, na JOIN uliyoizoea kwenye hifadhidata ya PostgreSQL utaikuta kwenye MySQL na SQLite. Tena inakufundisha kufikiri upya: unaeleza unachotaka, na hifadhidata inatafuta njia ya kukipata, ilhali ukitoka JavaScript kwenda Go bado utaandika kitanzi kile kile cha kurudia hatua kwa tahajia nyingine.

Nakiri kwamba anayeshinda akitengeneza kurasa za kivinjari atafaidika upesi zaidi na TypeScript, na anayeelekea kwenye uchambuzi wa data hana budi kujua Python. Rust ni lugha nzuri, inaweza kusubiri.

Jana kijana aliniletea swali la GROUP BY, linalokusanya mistari kwa makundi, lililochukua nafasi ya mistari 40 ya JavaScript. Wateja wasio na oda walikuwa wametoweka kwenye orodha, na kabla sijafungua kinywa aliifuta JOIN akaandika LEFT JOIN, inayobakiza hata wateja wasio na oda.