Albamu Bora ya Sikinde Ina Mbuzi Ndani Yake

Jumamosi asubuhi mpwa wangu alinikuta barazani na chai yangu ya rangi na kiporo cha muhogo, nimetulia, sina ugomvi na mtu. Akavuta kigoda, simu mkononi, akaniuliza: "Anko, hivi albamu bora ya Sikinde, ile bendi yenu ya dansi ya Mlimani Park, ni ipi? Nataka kuipakua."

Albamu! Nikamwangalia kama mtu aliyeulizwa namba ya simu ya bibi yake mzaa bibi.

Nikamweleza taratibu, maana watoto wa siku hizi ukiwakaripia wanakurekodi. Nikamwambia, mwanangu, hawa watu hawakuwa na albamu. Bendi ilitunga wimbo, ikaupiga ukumbini mpaka watu wakauzoea, halafu ikaenda kuurekodi Radio Tanzania pale Barabara ya Pugu. Basi. Kanda inabaki redioni. Mitambo ya kugonga santuri ilikuwa Nairobi, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mwaka 1977. Wewe mpenzi kazi yako ni kuusubiri wimbo hewani kama unavyosubiri daladala usiku: unaweza kuja sasa hivi, unaweza kuja keshokutwa, na siku ukija unakukuta uko chooni.

"Kwa hiyo hawana albamu," akasema, kwa ile sauti ya kusema fulani hana pa kulala.

Halafu akafanya kosa la pili. Akaingia mtandaoni, akautafuta "Neema", ule aliouimba Cosmas Chidumule, akauwasha kwenye kispika chake kidogo kama kopo la maziwa. Nikasikiliza. Sauti safi, gitaa safi, tarumbeta zimenyooka. Ukaenda, ukaingia kwenye chemko, pale mwishoni magitaa yanapokaza mwendo, ukaisha.

"Umekatwa," nikamwambia.

"Haujakatwa Anko, dakika zote zipo."

"Mbuzi yuko wapi?"

Akaniangalia, akamwangalia na mke wangu aliyekuwa anachambua mchele, kama kumuuliza lini mzee alianza hivi. Mke wangu hakuinua hata kichwa. "Usimsikilize," akasema, "huyo wimbo wake una mbuzi."

Na kweli una mbuzi. Tulikuwa tunaishi Mbagala, enzi ambazo Mbagala ukisema umefika mjini ulikuwa unamaanisha Kariakoo. Umeme hatuna. Baba ana redio ya betri sita, na betri zikichoka tunazianika juu ya bati ziote jua, zikipata nguvu zinaongea mpaka taarifa ya habari ya saa mbili. Mimi nikaazima kinasa sauti kwa jirani, nikakiweka kinatazamana na redio kwenye mkeka kama wazee wanaocheza bao, nikatangaza nyumba nzima kwamba mtu asikohoe. Nikasubiri siku tatu. Siku ya nne, kipindi cha salamu, wimbo ukaja. Mtangazaji akaukalia mwanzoni anasoma majina ya ukoo mzima wa mtu wa Kilosa, na wengine wote wanaomfahamu. Nikavumilia. Ubeti wa kwanza safi, wa pili safi, chemko likaanza, besi ikapanda mara ya kwanza, ikapanda mara ya pili, na hapo hapo mama akapiga kelele kutoka uani:

"Nyie watotooo! Mbuzi kaingia kwenye mchicha!"

Imeingia kwenye kanda yote, mpaka mlio wa mbuzi akipigwa kwa mwiko. Sikuwa na kanda nyingine wala betri nyingine. Nikaishi nayo. Redio imeitafuna mara ngapi sijui, nikaizungusha kwa kalamu ya Bic, ilipokatika nikaiunga kwa rangi ya kucha ya dada. Nimeisikiliza darasa la sita, nimeisikiliza nikiwa na mchumba, mpaka kijana wangu wa kwanza alipoutoa utepe wote akafanya mkia wa tiara. Ilipaa vizuri ile tiara, siwezi kusema uongo. Ila tangu siku hiyo kila nikiusikia huo wimbo bila mbuzi naona nimepunjwa.

Sasa tatizo langu ni kaka yangu.

Kaka yangu ni Msondo, yaani mpenzi wa bendi hasimu ya Sikinde yetu. Mtu mwingine ni Simba au Yanga, unaweza kukaa naye siku sita ukapumzika na mpira. Msondo hapumziki. Tumezaliwa tumbo moja, tumelala kitanda kimoja, lakini mwaka 1978 bendi ya Mlimani Park ilipoanzishwa mimi nikahama kwa moyo mmoja na yeye akabaki na JUWATA, ndiyo hiyo Msondo, na tangu hapo hatujawahi kula pilau la Idd bila mtu kuinuka mezani.

Yeye hoja yake ni ya ukubwa. Bendi yake ilianza 1964 ikiitwa NUTA, ikaja JUWATA, ikaja OTTU, sasa ni Msondo Ngoma, baba ya muziki. Mimi namwambia mtu anayebadilisha jina mara tatu ujue anadaiwa. Yeye ananijibu kwamba angalau yao ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Yetu ilianza kama mali ya kampuni ya teksi. Hapo ananiuma, maana ni kweli. Ilikuwa ya kampuni ya teksi, na kampuni ilipokwama ndipo DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, wakaichukua 1983. Kwa hiyo kila akinyanyuka kwenda kulala ananiambia, "Haya, dereva, usiku mwema."

Na ubishi wenyewe hauna pa kuushika. Nikisema sisi tulikuwa na Muhidin Gurumo, anasema tumemtoa kwao. Nikisema Bitchuka, anasema huyo pia. Nikisema Shaaban Dede, anacheka tu, kwa sababu Dede kapita kwetu, kapita bendi ya Bima Lee, na alipofariki 2017 alikuwa kwao. Gurumo naye akarudi kwao. Hawa wanamuziki walikuwa wanahama bendi kama wapangaji, na sisi wapenzi ndio tuliobaki tunalinda nyumba. Mwaka 1985 tajiri wa Orchestra Safari Sound, yule wa Safari Resort kule Kimara, alituzoa wanamuziki kadhaa kwa mkupuo. Kaka alikuja nyumbani asubuhi kunipa pole, na akaja na maandazi. Maandazi ya msiba!

Basi nikampigia simu, nikamweleza la mpwa wetu na albamu. Nikamwambia vilevile Sikinde wanapiga usiku huohuo ukumbi fulani upande wa Temeke (siutaji, wananijua pale na nina bili). Akasema atakuja. "Si kwa ajili yenu," akasema. "Nakuja kuona mnavyozeeka."

Bango lilisema muziki unaanza saa mbili usiku. Sijui kwa nini mtu mwenye miaka yangu bado anaamini bango. Saa mbili kasoro dakika tano niko getini, nimevaa shati la kitenge lililopigwa pasi mpaka likapata makali, nimelipa kiingilio shilingi 10,000, naingia ndani nakuta watu sita, wanne kati yao wanavuta nyaya. Nikachagua kiti mbele. Kiti cha plastiki, mguu mmoja mfupi, kwa hiyo usiku mzima nilikuwa natikisa kichwa kwa mdundo hata muziki ulipokuwa haupigwi.

Halafu fundi mitambo akapanda jukwaani. "Cheki. Cheki. Moja, mbili. Moja, mbili." Miaka 40 nahudhuria dansi, sijawahi kumsikia fundi mitambo akifika tatu. Nadhani wana hofu nayo. Akahesabu nusu saa, akaondoka, akaja mwingine kuhakikisha kama kweli ni moja na mbili.

Mhudumu akaja, nikaagiza soda kwa sababu ya presha, na mishkaki minne kwa sababu ya ukaidi. Nikampa noti ya 10,000. Akasema chenji ataniletea. Chenji yangu ya sikukuu iliyopita bado iko njiani kutoka kaunta ileile.

Kaka aliingia saa tatu na nusu, kofia ya pama, harufu ya marashi imemtangulia kama king'ora. Nyuma yake wakaja wateja wa kawaida wa meza yetu, akiwemo mzee mmoja mpenzi wa bendi ya Maquis. Huyu kwake Sikinde na Msondo wote ni kwaya za shule. Kwake muziki ulipigwa ukumbi wa White House Ubungo na ukaishia White House Ubungo. "Kamanyola bila jasho," anasema, ndio mtindo wao, na huku anajifuta jasho kwa leso yenye ukubwa wa foronya.

Nikawatupia lile swali la albamu. Sikujua nimetupa njiti kwenye makuti.

Kaka akasema jibu ni rahisi, Msondo walipokuwa OTTU walitoa kanda zao wenyewe madukani, zina picha kwa juu na majina ya nyimbo, upande wa kwanza na upande wa pili, sasa sisi tuna nini? Nikamwambia sisi tuna CD iliyotolewa Marekani. Hapo nikamwona mzee wa Maquis anaweka glasi chini.

"Marekani!" kaka akapaza sauti. "Yaani mlikuwa mnaimba pale DDC Kariakoo miaka yote, mpaka Mzungu aje awaambie ndiyo mjue mnaimba?"

"Yako iko wapi ng'ambo?"

"Yangu iko Ilala, Buguruni, Tandika. Nenda ukaulize."

Mzee wa Maquis akasema albamu si kanda wala si CD, albamu ni usiku. Usiku mmoja mzima ulioupenda, kuanzia getini mpaka alfajiri unatafuta usafiri. Akasema yeye anazo tatu, moja ilikuwa na mvua. Tukanyamaza kidogo, maana ilikuwa nzuri kuliko sura yake. Halafu akaharibu kwa kusema zote tatu ni za Maquis.

Bendi ikaanza saa nne na robo. Kwanza zile za kupasha moto, zinazopigwa huku wanamuziki wenyewe wanaongea. Spika ya kushoto iko hatua mbili kutoka sikio langu. Besi ikipigwa soda yangu inatembea mezani kumfuata kaka. Mbele yangu kasimama kijana ananyoosha simu anarekodi. Anarekodi nyimbo nzima nzima, haangalii jukwaa, anaangalia jukwaa dogo lililo mkononi. Nikamgusa bega. Akaniambia, "Samahani mzee, nawapelekea washkaji." Akahama, akaja kijana mwingine mrefu zaidi.

Wachezaji wakaanza kujaa. Akina mama wa vikundi vya vikoba na vijora vyao, mabwana wa tumbo mbele na hatua ndogo ndogo, wale wanaocheza kama wamebeba trei ya chai. Mmoja akapanda kumtunza mwimbaji, akambandika noti ya 1,000 kwenye paji la uso, noti ikaanguka, akaiokota, akaibandika tena, akarudi kwenye kiti anatembea kama kajenga zahanati.

"Mnajitahidi," kaka akaninong'oneza kwenye sikio zima. "Kwa bendi ya teksi."

Nikampuuza. Nilikuwa nasubiri. Saa sita kasoro ukaja. Mwimbaji ni mwingine, Chidumule mwenyewe aliokoka zamani anaimba injili, lakini zile tarumbeta za mwanzo nazijua hata nikiwa usingizini. Ukumbi mzima ukaguna. Nikavua miwani. Ubeti wa kwanza safi. Ubeti wa pili, mzee wa Maquis anaimba, na anaimba maneno yote, ila ukimuuliza atakataa. Mpwa wangu ameniandikia kwenye simu, Anko vipi, sikumjibu.

Chemko likaanza. Gitaa la solo likatangulia, la kati likadandia, drams zikakaza. Besi ikapanda mara ya kwanza.

Nikafunga mdomo. Mama tumemzika mwaka 2009, na kwenye chemko hili huwa siongei na mtu. Naacha tu ile nafasi ipite, patupu, halafu naendelea na maisha.

Besi ikapanda mara ya pili.

"NYIE WATOTOOO! MBUZI KAINGIA KWENYE MCHICHA!"

Haikuwa kichwani mwangu. Imetokea kulia kwangu. Meza tatu zimegeuka. Mzee wa Maquis kainua miguu anaangalia chini ya meza. Na kaka yangu, Msondo damu, mtu aliyeniapia miaka yote hiyo kwamba hajawahi kukaa akaisikiliza ile kanda yangu ya teksi hata siku moja, kakaa mdomo wazi, mkono mmoja hewani kashika kijiti cha mshikaki kama mwiko, na hajakosea hata nusu pigo.

Mhudumu akaja mbio na trei kifuani.

"Mbuzi imeisha, mzee. Imebaki kuku tu."

Kaka akashusha mkono. Akavua pama, akajifuta uso wote kwa hiyo pama, kuanzia machoni. Hakunitazama.

"Basi lete kuku," akasema. "Mdogo wangu analipa."